Jicho na Yoga za Kumbi Nne

Mimi ni wifi mtu, na najua mawifi hatuna sifa nzuri, lakini haya nayasimulia kwa upendo, na pale nilipokosea nitasema nilikosea. Nafanya kazi mapokezi kwenye jengo la mazoezi lenye kumbi nne. Miaka sita nimekaa nyuma ya kaunta ile, nimeandikisha watu wasiohesabika, nimegawa funguo za makabati na kuelekeza wageni chooni, na sikuwahi hata siku moja kukanyaga mkeka. Mtu akiniuliza yoga ya ukumbi wa kwanza ina tofauti gani na ya ukumbi wa nne, jibu langu lilikuwa moja: "Yoga ni yoga tu, chagua saa inayokufaa." Jibu hilo ndilo nusura limmalize mke wa kaka yangu.

Kazini kwake wanamwita Jicho. Ni fundi cherehani, na si fundi wa kubandika viraka. Yuko kwenye karakana ya kushona makoti na sare, mafundi kumi kwenye chumba kimoja kirefu, na yeye ndiye mwenye kiti cha sampuli. Maana yake koti la kwanza la kila kazi mpya analishona yeye peke yake, kuanzia kukata kitambaa hadi kifungo cha mwisho, kisha wale tisa wanalitazama la kwake na kushona mengine kama hilo. Mwonyeshe gauni lililovaliwa na mtu anayepita zake barabarani, kesho kutwa anakuletea jingine lile lile, pindo kwa pindo. Jina lilitoka hapo.

Chumbani mle kuna sheria ambayo kila fundi mpya huambiwa kabla hata hajaonyeshwa cherehani yake. Ukishaanza kipande, huinuki kitini mpaka kiishe. Koti lina vipande vitatu: mwili, halafu mikono na kola, halafu bitana na vifungo. Kati ya kipande na kipande unakula, unakwenda chooni, unapiga umbea wako. Ukiinuka katikati, hata kama ni kwa kujinyoosha tu, kipande anapewa mwenzako, nawe unamalizia siku kwenye meza ya nyuzi. Meza hiyo iko mlangoni, na kazi yake ni kukatakata nyuzi zilizobaki kwenye nguo walizoshona wengine. Kila anayeingia anakuona. Sheria hiyo hakuiweka msimamizi. Aliiweka Jicho mwenyewe, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, alipochoshwa na mafundi wa kuzurura, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemwona akiivunja.

Asubuhi moja alimaliza mwili wa koti, akataka kuinuka, mwili ukakataa. Walimtoa nje pamoja na kiti chake, wanaume wawili, na yeye anawaelekeza wasikwaruze mlango.

Daktari wa viungo alimpima akasema mifupa haina neno. Misuli ya kiuno na nyonga ndiyo imekaza kwa kukaa miaka na miaka. Akamwambia yoga ingemsaidia, ila aulize kwanza ni yoga ya aina gani. Msimamizi naye akampa wiki nane. Kiti cha sampuli kwa muda huo angekikalia fundi ambaye Jicho alimfundisha kazi mwenyewe, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mama wa watoto wawili, ambaye chumba kizima bado kinamwita Mwanafunzi. Wiki nane zikiisha, Jicho arudi ashone koti moja kwa siku moja, kwa sheria za chumba. Akishindwa, atapewa kazi ya kukaa meza ya nyuzi mpaka astaafu.

Alikuja moja kwa moja kwenye kaunta yangu, anatembea upande upande, mkono mmoja kiunoni.

"Wifi, daktari kasema yoga. Kasema niulize ni ya aina gani."

"Yoga ni yoga tu, wifi yangu. Unaweza saa ngapi?"

"Saa yoyote. Ila ile meza siendi. Nitazikwa nimesimama, lakini ile meza siendi."

Nikamwandika ukumbi wa kwanza kwa sababu ulikuwa na nafasi. Huo ndio ulikuwa utaalamu wangu.

Ukumbi wa kwanza wanafanya vinyasa. Ni yoga ya mwendo, mkao mmoja unamwagikia mwingine, pumzi ikiingia mikono inapanda, ikitoka mwili unashuka, na hakuna kusimama kupumzika. Mwalimu wake ni binti mwembamba, unaweza kudhani hana mfupa hata mmoja. Jicho alijipanga mstari wa mbele kabisa, akamkazia macho, na kila alichofanya yule binti akakifanya yeye. Ndivyo alivyoijua kazi maisha yake yote: tazama sampuli, toa nyingine kama hiyo. Mwalimu alisema asiyeweza apige magoti, na Jicho alisikia vizuri sana, ila neno "asiyeweza" hakudhani linamhusu.

"Nimefanya vyote," aliniambia akitoka, jasho linamchuruzika mpaka kidevuni. "Kimoja hakikunipita."

Nikampongeza. Nakumbuka nilimpigia na makofi.

Wiki ya pili akasikia kwamba ukumbi wa pili wana ashtanga, na kwamba mikao yake ina mpangilio maalumu, ule ule, kila siku unaanza hapa na kuishia pale. Akaipenda kabla hajaiona. "Hiyo ndiyo ya kifundi," alisema. "Kinachoanza kinajulikana, kinachofuata kinajulikana." Nikamhamisha. Mwalimu wa pale alimwambia waziwazi akunje magoti anapoinama, na asishuke chini ya pale mwili wake unapofika. Jicho akaitikia kwa adabu zote, kisha akageuza jicho kwa jirani yake wa mkeka, mama mmoja aliyekuwa akiinama mpaka kifua kinalala juu ya miguu. Siku ya kwanza alikaribia. Siku ya pili alikaribia zaidi. Siku ya tatu alifika, na hapo alipofika ndipo alipobaki.

Tulimlaza kwenye benchi la mapokezi, mbele ya kaunta yangu, huku watu wakipita na mikeka yao kwapani. Kaka yangu alipokuja kumchukua hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu angepandisha.

"Mdogo wangu, mke wangu alikuja kwako akitembea," alisema.

Aibu niliyoipata siku ile sijawahi kuipata tena, na mimi si mtu wa kuona aibu haraka.

Jicho alilala siku kumi. Nilikuwa nikipitia kwao jioni baada ya kazi, namkuta chali, anatazama dari. Kaka yangu, ambaye dawa yake ya kila ugonjwa ni kulala sakafuni, alikuwa amempa ushauri huo mara tatu na mara tatu amefukuzwa chumbani. Ndipo nilipoamua kufanya kazi ambayo nilipaswa kuifanya miaka sita nyuma. Nilichukua ratiba yetu, nikageuza upande wake mweupe, nikaenda ukumbi hadi ukumbi kuwauliza walimu: hiki unachofundisha ni nini, kinamfaa nani, na nani asikiguse?

Walinijibu kwa furaha, maskini. Nadhani walikuwa wakisubiri kuulizwa. Binti wa vinyasa alisema yake inajenga pumzi, nguvu na wepesi, inamfaa mtu ambaye viungo vyake havina kidonda, na mwenye mgongo kama wa wifi yangu angemwomba aanze kwingine kama tu angeambiwa. Wa ashtanga alisema mpangilio haubadiliki kwa makusudi, ili mtu ajione leo yuko wapi na jana alikuwa wapi, si ili ajipime na jirani. Wa ukumbi wa tatu, wa yin, alisema kwake watu wanakaa sakafuni au kulala juu ya mito, wanabaki kwenye mkao mmoja dakika tatu mpaka tano bila kukaza msuli, na kwamba kitu kigumu kwake ni utulivu wenyewe. Wa ukumbi wa nne, wa Iyengar, alisema yeye anaangalia mwili umepangwaje, na kama mkono haufiki chini, anainua chini ifike kwenye mkono: tofali la mbao, mkanda, blanketi, kiti, ukuta. Nilikuwa nimeshangaa miaka yote ukumbi ule una viti vya nini. Nilidhani ni vya wazee kupumzikia.

Jioni ile nikamsomea Jicho karatasi yangu pale kitandani. Alisikiliza mpaka mwisho bila kugeuza kichwa.

"Wifi," alisema, "mteja akija na koti la dada yake, akataka la kwake liwe kama lile, mimi huwa nafanyaje?"

"Unaliangalia, unaliiga."

"Koti naliiga kwa macho. Lakini yeye atakayelivaa?"

"Unampima."

"Nampima. Hata kama ni pacha wa huyo dada yake, nampima." Akanigeuzia uso. "Mimi nimeingia kumbi mbili, nimevaa mwili wa binti wa watu, nikavaa na wa yule mama jirani. Na walionitaka nisimame nipimwe niliwakatalia."

"Kosa ni langu, wifi. Mimi ndiye niliyekuandika."

"La kwako lipo, usijali, tutalizungumza," alisema. "Leo nilete hiyo karatasi karibu nione."

Tulianza na yin, kwa sababu ilikuwa ya kulala na yeye alikuwa hawezi mengi zaidi. Aliichukia kwa moyo wote. Mtu ambaye mikono yake haijawahi kukaa bure unamlaza juu ya mto dakika tano, unamwambia asifanye chochote. Alitoka akilalamika kwamba amewekwa pale kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe. Lakini usiku ule alilala bila dawa, na baada ya mara nne alianza kuinuka kitandani bila kumshika kaka yangu. Mwalimu wa yin hakumdanganya. Alimwambia, "Hapa nimekulegeza, mama. Sasa nenda kwa mwenzangu akakufundishe kujishika. Ukija hapa tu utalegea, ukirudi kazini utakaza tena."

Mwalimu wa ukumbi wa nne ni mama mtu mzima, sauti ya chini, miwani imefungwa kamba shingoni. Hakumpa mkeka. Alimwambia asimame tu, akamzunguka taratibu, akamtazama mabega, nyonga, magoti, mpaka visigino. Jicho akaniambia baadaye kwamba alisisimka, kwa sababu alijua kabisa mtu yule anafanya nini.

Kisha mwalimu akavuta kiti. "Hebu kaa kama unavyokaa kwenye cherehani."

Jicho akakaa, akainamisha kichwa, mguu wa kulia mbele kwenye kanyagio lisilokuwepo.

"Bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Unakaa hivi muda gani bila kuinuka?"

"Mpaka kipande kiishe."

"Saa ngapi hizo?"

"Mbili na nusu. Bitana ikiwa ngumu, tatu."

"Miaka?"

"Ishirini na sita."

Mwalimu alivua miwani. "Nitakufundisha, na utapata nafuu, naona wewe ni mtu wa kazi. Lakini nisikufiche. Ukirudi kukaa saa tatu bila kuinuka, hakuna mkao wa yoga utakaokuokoa, si wangu wala wa mtu mwingine. Kila nusu saa simama, jinyooshe dakika mbili, kaa tena. Nani anakuzuia kuinuka?"

Jicho akanitazama. Mimi niliyesimama mlangoni nilimjua anayemzuia, na yeye alijua kwamba najua.

Zilibaki wiki nne na siku mbili. Sijawahi kuona mtu anafanya jambo namna ile. Asubuhi ukumbi wa nne, jioni nyumbani, na mara mbili kwa wiki yin, akilalamika kila mara na kila mara akirudi. Mikanda ya ukumbini aliiona imeshonwa ovyo, akajishonea wa kwake siku mwalimu alipomruhusu kukaa dakika ishirini. Kiti cha jikoni kikahamia sebuleni, matofali mawili yakavalishwa vitambaa. Kaka yangu alirudi siku moja akamkuta mkewe ameegemea ukuta, mguu mmoja juu ya dirisha, mkanda umezunguka unyayo, akauliza chakula kiko wapi, akaelekezwa kilipo kwa kidole cha mguu. Na aliacha kutazama majirani. Mwalimu aliniambia kwamba akiwa kwenye mkao anafumba macho, ili asishawishike.

Siku ya koti niliomba ruhusa kazini, nikaenda karakana kujifanya nataka kushonewa sketi. Kuna benchi la wateja karibu na mlango, jirani kabisa na meza ya nyuzi, nikakaa pale. Saa mbili kamili Jicho akasimama kwenye meza ya kukatia, akapiga chaki, akakata. Mkasi ulikwenda bila kusita. Akakaa kwenye kiti chake, Mwanafunzi akiwa amehamia cherehani ya pembeni, akaanza mwili wa koti.

Nusu saa ilipotimia, aliinua mguu kwenye kanyagio, akasukuma kiti nyuma, akasimama.

Cherehani tisa zilinyamaza. Jicho akaweka mikono ukutani, akarudi nyuma hatua mbili, akainama mpaka mgongo ukanyooka kama meza, akavuta pumzi zake. Msimamizi alitoka ofisini kwake na kalamu sikioni.

"Jicho, kuna nini?"

"Hakuna kitu, bosi. Najinyoosha. Dakika mbili nakaa."

"Kipande hakijaisha." Alisema kwa upole, nadhani na yeye hakupenda. "Unajua kinachofuata. Sheria yenyewe ni ya kwako."

"Ni ya kwangu," alisema Jicho, akainuka taratibu kama alivyofundishwa. "Niliiweka nikiwa na miaka ishirini na saba, kwa mgongo wa miaka ishirini na saba, nikawavalisha watu wote humu ndani. Sikumpima hata mmoja. Leo naiondoa."

"Siwezi kuondoa sheria kwa sababu imekuuma wewe leo," alisema msimamizi. Akachukua mwili wa koti kutoka kwenye cherehani, akampelekea Mwanafunzi, akamwekea mapajani. "Malizia."

Nilisimama. Sijui nilitaka kufanya nini, mimi mteja wa sketi. Jicho alinitazama mara moja tu, nikakaa.

Mwanafunzi aliliangalia koti kwa muda. Halafu akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili na kujaribu kuinuka. Mara ya kwanza hakufika. Alirudi kitini, akauma mdomo, akajaribu tena, akafika, akabaki ameinama upande mmoja, koti limemning'inia mkononi.

Jicho alimtazama bega, akamtazama nyonga. Uso wake ulibadilika.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu, mama."

"Miaka miwili. Na mimi nakaa hatua tatu kutoka kwako. Kwa nini hukuniambia?"

Mwanafunzi aliona haya kulisema, lakini alilisema. "Ungenipeleka meza ya nyuzi."

Wifi yangu, ambaye nimemjua miaka yote hii na sijawahi kumwona akilia mbele ya watu, alilia pale, amesimama wima, bila kujifuta. Alilia kwa sababu ni kweli. Angempeleka, na asingegeuka nyuma.

Kisha akaenda akachukua koti mkononi mwa Mwanafunzi, akamgeukia msimamizi.

"Nalimalizia mimi. Nitainuka kila nusu saa, na anayetaka kuinuka humu ndani ainuke. Jioni lipime hilo koti. Likiwa na mshono mmoja uliopinda, meza ya nyuzi naijua ilipo, nitakwenda mwenyewe."

Msimamizi alitazama chumba. Mafundi wawili walikuwa tayari wamesimama, mmoja anajishika kiuno, mwingine shingo, na si kwa ubishi, walikuwa wanaumwa. Akatoa kalamu sikioni, akarudi ofisini, akaacha mlango wazi.

Jicho aliinuka mara kumi na mbili siku ile, nilizihesabu. Kifungo cha mwisho alikifunga saa kumi na moja kasoro dakika tano. Msimamizi aliligeuza koti nje ndani, akalipitisha kola na kwapa kwenye mwanga, akalitundika kwenye msumari wa sampuli, ili wale tisa waliige.

Tulitoka pamoja, yeye, mimi na Mwanafunzi, tukitembea polepole kwa ajili ya Mwanafunzi. Jicho alikuwa amemshika mkono.

"Wifi, kesho niandikie huyu binti yangu nafasi," alisema.

Nikatoa simu niandike. "Ukumbi wa nne, pamoja na wewe?"

"Usiandike ukumbi," alisema. "Aje kwanza walimu wamwone."